Angina si vidonda vya tumbo

Mtu anapopanda kilima cha Namirembe kwa miguu, akabanwa kifua, kisha akasimama kidogo na maumivu yakaisha, mara nyingi hapa Kampala huambiwa ana vidonda vya tumbo, naye hununua dawa ya kupunguza asidi. Naona ushauri huo ni wa hatari. Maumivu yanayoletwa na jitihada na kuondolewa na mapumziko ndiyo sura ya angina, yaani maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha, ambayo daktari Mwingereza William Heberden aliieleza mwaka 1768, na ugonjwa unaoyazaa huwa umeanza miaka mingi kabla.

Presha ya juu, kisukari na moshi wa sigara huujeruhi utando laini wa ndani wa mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Kolesteroli aina ya LDL, yaani mafuta ya damu yaitwayo mabaya, hupenya chini ya utando huo, nazo seli nyeupe za damu huifuata na kuimeza mpaka zikajaa na kufa. Mabaki hayo, yakifunikwa na nyuzi ngumu na baadaye chokaa, huwa uvimbe unaoibana njia ya damu. Uchunguzi wa maiti za wanajeshi wa Marekani waliouawa katika vita vya Korea, uliochapishwa mwaka 1953, ulikuta dalili za ugonjwa huu kwa walio wengi, ingawa wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22 tu.

Moyo, hata ukiwa umetulia, huchukua sehemu kubwa ya oksijeni iliyomo katika damu inayoufikia, kwa hiyo unapofanya kazi zaidi hauna budi kuongezewa damu. Njia ikizibwa kwa takriban asilimia 70, damu inayomtosha aliyeketi haimtoshi anayepanda kilima, na hapo kifua hubana. Wenye kisukari, tena wanawake wengi, huenda wasihisi maumivu bali kuishiwa pumzi tu.

Mwaka 1956 daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago hapa Kampala, na mwenzake waliripoti Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa huu wa mishipa ya moyo kama jambo la ajabu. Huenda ndiyo sababu bado tunaudhania ugonjwa wa wageni, ilhali presha na kisukari vimo majumbani mwetu. Ningependa kila aliyefika miaka 40 apimwe vyote viwili, pamoja na kolesteroli, kabla kifua hakijabana. Na maumivu yakija mtu akiwa ametulia, au yasipokwisha baada ya dakika chache za kupumzika, huenda uvimbe umepasuka na damu imeganda juu yake. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.