Reli alizozifunga Beeching: kosa halisi lilikuwa wapi?

Machi 27, 1963, Bodi ya Reli ya Uingereza ilitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 na karibu maili 5,000 za njia. Mwenyekiti wake, Dkt. Richard Beeching, alikuwa mwanafizikia aliyechukuliwa kutoka kampuni ya kemikali ya ICI kwa mshahara wa pauni 24,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya mshahara wa Waziri Mkuu. Hadi leo wapo Waingereza wanaolitaja jina lake kwa uchungu. Wengine wanasema bila yeye reli yote ingezama. Kwangu mimi, alichokiona kilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa; kilichoumiza nchi ni namna njia zenyewe zilivyotupwa baada ya kufungwa.

Watetezi wake wana hoja nzito. Reli za Uingereza zilijengwa na kampuni binafsi zilizokuwa zikigombania abiria, hasa katika homa ya uwekezaji ya miaka ya 1840. Matokeo yake, mji wa kawaida tu uliweza kuwa na stesheni mbili, na njia mbili zikakimbia sambamba kuelekea kule kule. Reli zilipotaifishwa Januari 1, 1948, serikali ilirithi mzigo wote huo. Wakati huohuo magari ya watu binafsi yaliongezeka kutoka kama milioni 2 mwaka 1950 hadi karibu milioni 5 mwaka 1960. Mpango wa kuzifanya reli ziwe za kisasa, ulioanza 1955 kwa zaidi ya pauni bilioni 1.2, haukuziba pengo: hasara ya mwaka 1962 ilifika pauni milioni 104.

Takwimu za Beeching zenyewe ni ngumu kuzipinga. Theluthi moja ya mtandao ilikuwa ikibeba asilimia 1 tu ya safari za abiria kwa kipimo cha maili, na nusu ya stesheni zote zilileta asilimia 2 ya mapato ya nauli. Fikiria stesheni ya kijijini yenye msimamizi, mkata tiketi, mpagazi na mtu wa kuongoza ishara, wote wakisubiri treni chache zenye abiria wa kuhesabika. Basi moja lingewabeba wote. Tena hakuja na shoka peke yake. Alisukuma treni za makontena na treni za makaa ya mawe zinazozunguka moja kwa moja kati ya mgodi na kituo cha umeme, na usafirishaji wa mizigo uliishi kwa mawazo hayo kwa miongo kadhaa.

Wakosoaji nao hawabahatishi. Abiria walihesabiwa katika wiki moja tu ya Aprili 1961, wakati miji ya pwani ilitegemea wasafiri wa likizo za kiangazi. Ripoti ilitarajia pia kwamba abiria wa njia ndogo wangefika kwa basi au gari hadi stesheni kubwa iliyobaki. Wengi waliokwisha kuingia kwenye gari lao waliendelea nalo hadi mwisho wa safari, na njia kuu zikapoteza abiria ambao hazikujua kuwa ziliwapata kupitia matawi yale. Mwaka 1968, baada ya maelfu ya maili kufungwa, hasara ilikuwa bado zaidi ya pauni milioni 100.

Kuna pia suala la Ernest Marples, Waziri wa Uchukuzi aliyemteua Beeching, ambaye alikuwa mmoja wa waasisi wa kampuni ya ujenzi wa barabara. Mgongano wa maslahi ulikuwepo na ulistahili kuhojiwa bungeni, kama ulivyohojiwa. Lakini hautoshi kuwa maelezo. Chama cha Labour, kikiwa bado upinzani, kiliahidi kusitisha ufungaji, kikashinda uchaguzi wa 1964, kisha kikaendelea kufunga. Njia ya Oxford hadi Cambridge haikuwemo kabisa katika orodha ya Beeching, na bado huduma zake nyingi ziliondolewa mwishoni mwa 1967.

Mfano unaoniuma zaidi ni njia ya Waverley, kutoka Edinburgh hadi Carlisle kupitia mpaka wa Uskoti. Usiku wa treni ya mwisho, Januari 1969, wakazi wa Newcastleton walifunga mageti ya kivuko cha reli na kujipanga kwenye njia. Mchungaji wa kijiji akakamatwa na polisi. Mbunge David Steel, aliyekuwa ndani ya treni hiyohiyo, alishuka kusuluhisha. Mchungaji aliachiwa, watu wakapisha, treni ikapita. Inauma zaidi kwa sababu sheria ya 1968 ya Barbara Castle, Waziri wa Uchukuzi wa Labour, ilikuwa imeshakubali kutoa ruzuku kwa njia zisizo na faida lakini zinazohitajika na jamii. Waverley haikuonja ruzuku hiyo.

Kisha reli zikang'olewa, madaraja yakabomolewa, viwanja vikauzwa. Maili 30 za kwanza za Waverley, kutoka upande wa Edinburgh, zilipojengwa upya hadi Tweedbank na kufunguliwa Septemba 2015, gharama ilikuwa karibu pauni milioni 300. Abiria walizidi milioni moja katika mwaka wa kwanza. Hapo ndipo ninapoachana na watetezi wa Beeching: kusema njia haina abiria wa kutosha leo ni hesabu, bali kuuza tuta lake, ile ardhi iliyobeba reli, ni kuwaamulia watu ambao hawajazaliwa. Kulitunza tuta tupu kungegharimu kidogo sana.

Okehampton, huko Devon, unaonyesha tofauti hiyo. Treni za kawaida za abiria ziliondolewa 1972, lakini reli hazikung'olewa kwa kuwa machimbo ya mawe ya Meldon yalizihitaji. Huduma ilirudi Novemba 2021 kwa takriban pauni milioni 40, chini ya bajeti na kabla ya muda uliopangwa. Reli kubaki si dawa ya kila kitu, kwani njia ya Ashington, mji wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza, iliyoendelea kubeba mizigo, ilirudishiwa abiria Desemba 2024 kwa gharama iliyopita sana makadirio. Hata hivyo Ashington una treni. Hawick, mji wa njia ya Waverley ulio kusini mwa Tweedbank, bado hauna.