Saruji ndiyo inayozimaliza ghorofa kongwe za Bagamoyo

Masika ikipita, ghorofa kongwe ikidondosha kipande cha ukuta, watu husema ni uzee. Mimi naangalia kwanza alipopita fundi wa saruji.

Ghorofa za Mtaa wa India ndizo zilizokuwa nyumba za fahari za karne ya 19: chini duka na ghala, juu familia, huku pembe za ndovu zikishuka kutoka bara. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam.

Ukiingia, pima chumba. Vingi havizidi mita 3 kwa upana, hata kama mwenyewe alikuwa na uwezo wa kununua jahazi. Sababu ni boriti: mkoko ulionyooka hautoi mti mrefu wa kuvuka zaidi ya hapo, basi chumba kinarefushwa tu. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo na chokaa, ikashindiliwa mpaka ikawa sakafu. Kuta ni matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita hivi.

Ukuta wa namna hiyo hunywa maji, kisha huyatoa. Ukiufunga kwa lipu ya saruji, unang'aa miezi michache, ila unyevu na chumvi vinavyopanda toka chini havina pa kutokea. Vinapanda hadi kwenye vichwa vya boriti, na vichwa hivyo vinaoza ndani ya ukuta usikoona. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole: ikilia kama debe tupu, imeshaachana na jiwe. Choma boriti kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama, usipandishe mtu juu. Na boriti mpya si za kukata tu, mikoko inataka kibali.

Bandua saruji yote, acha ukuta ukauke wiki kadhaa. Chokaa iliyozimwa iloweke angalau mwezi. Changanya moja kwa mchanga tatu, na mchanga usiwe wa ufukweni, chumvi yake itarudisha ugonjwa uleule. Piga tabaka la sentimita moja, nyunyizia maji siku kadhaa, maana likikauka haraka linapasuka. Mafundi wengi wanaikwepa kazi hii, na siwalaumu sana: mwenye nyumba anataka ahamie Jumatatu.

Kabla ya yote, panda ukatazame mfereji wa bati. Mara nyingi utakuta majani ya mwembe yameziba, na maji yanamwagikia ukutani.