Majeshi ya kigeni katika maafa: nani ashike zamu ya uwanja wa ndege?

Mjadala kuhusu majeshi ya kigeni baada ya tetemeko au kimbunga mara nyingi hukwama kwenye "waje" au "wasije". Swali zito zaidi ni nani apange zamu za ndege kutua, na lini kazi ikabidhiwe raia.

Wanaotaka majeshi wana hoja nzito. Tsunami ya 26 Desemba 2004 ilipovunja barabara na madaraja ya pwani ya Aceh, Indonesia, helikopta kutoka manowari za Marekani zilifikisha chakula mahali ambapo lori halikuweza kufika. Helikopta, mafuta, mafundi na marubani vilikuwa tayari melini. Hakuna shirika la kiraia linaloweka akiba kama hiyo.

Miongozo ya Oslo ya mwaka 1994, ya kimataifa kuhusu matumizi ya majeshi katika misaada ya maafa, hata hivyo inasema vifaa vya kijeshi vitumike pale tu pasipo na mbadala wa kiraia, na uratibu wa misaada ubaki mikononi mwa raia. Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010, ilionyesha sababu. Uwanja wa Port-au-Prince una njia moja ya kurukia, na mnara wake wa kuongozea ndege uliharibika. Jeshi la Marekani lilipokabidhiwa uendeshaji, ndege zikazidi 100 kwa siku, kazi ya kusifiwa kwelikweli. Lakini ndege za Madaktari Wasio na Mipaka zilizobeba vifaa vya upasuaji zilielekezwa Jamhuri ya Dominika, na shehena ikamalizia safari kwa barabara. Majeruhi mwenye kidonda kinachooza hawezi kusubiri siku nzima.

Hata helikopta zikiwepo, hesabu ya mzigo inaweza kuharibu kila kitu. Watu 20,000 wakipewa lita 15 za maji kila mmoja kwa siku, hizo ni tani 300. Helikopta ya Mi-8 hubeba tani 4 hivi, kwa hiyo ni safari 75 kila siku, kwa maji peke yake! Heri kupeleka mtambo wa kusafisha maji, klorini na fundi wa kuuendesha. Ndege kubwa nazo zina gharama yake: Kathmandu, Nepal, baada ya tetemeko la 2015, mwezi Mei njia ya kurukia ilianza kuharibika na ndege za zaidi ya tani 196 zikazuiwa.

Kuna pia haki ya nchi kukataa. Myanmar ilizikataa meli za kivita za Marekani, Ufaransa na Uingereza baada ya kimbunga Nargis mwaka 2008. Woga wa watawala wale haukuhalalisha kuchelewesha misaada kwa watu wa delta ya Irrawaddy. Hata hivyo, manowari za mataifa makubwa matatu pwani si jambo ambalo serikali yoyote ingelipokea kwa utulivu, na njia iliyofunguka hatimaye ilipitia ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia.

Kwa hiyo majeshi yaitwe mapema, kwa usafiri na uhandisi, huku orodha ya kipaumbele cha shehena ikiandikwa na serikali mwenyeji pamoja na waratibu wa kiraia. Tarehe ya kuondoka iwekwe tangu siku ya kwanza, pamoja na jina la atakayechukua safari za anga, kwa mfano helikopta za kukodi za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Bila hilo, manowari ikiitwa kwao ghafla, vijiji vilivyozoea kulishwa kwa helikopta vinabaki bila lori wala barabara.