Kabla hujamcheka anayekula kindi

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli ndo zimeanza kuchanganya, nimepanda daladala Kisesa naenda Mwanza mjini. Akaingia dogo wa kama miaka 15 na kimfuko cheusi, harufu ya nyama ya kubanika ikajaa gari zima. Konda kwa kimbelembele chake akamuuliza umebeba nini, dogo bila aibu akafungua: kindi wanne, wamekaushwa kwa moshi vizuri, anampelekea dada yake Mabatini. Aisee gari liligawanyika. Mama mmoja akaziba pua na kanga, jamaa wa mbele akasema hao ni panya wamewekewa mkia mzuri tu, dada mwingine akataja mpox, ile homa ya nyani, mwingine akasema ukikutana na watu wa maliasili utajua hujui. Mzee wa siti ya nyuma ndo peke yake alimtetea: "Ng'wanawane (mwanangu), usiwasikilize, hawa hawajawahi kupanda mahindi mara mbili msimu mmoja." Watu wakacheka. Dogo akashuka Mabatini kainamisha kichwa.

Tuanze na hilo la panya maana ndo linakera zaidi. Ni kweli kindi ni wa ukoo wa wagugunaji, sawa. Ila ndezi naye yumo, nungunungu naye yumo, na hao wawili wakipikwa kuna watu wanapanga foleni. Wasukuma walikuwa na chama kizima cha wawindaji wa nungunungu, Banunguli, na ngoma yao hadi leo inachezwa, hakuna anayewaita walaji wa panya. Na huko tunakopaita kwenye ustaarabu? Marekani kindi ana msimu wake wa kuwindwa, leseni, na idadi unayoruhusiwa kwa siku, Kentucky wana mchuzi wao mzito unaitwa burgoo ambao zamani kindi alikuwa hakosekani. Uingereza kindi wa kijivu aliletwa kutoka Marekani miaka ya 1870, akazaana akamsukuma pembeni yule mwekundu wa asili, sasa ipo migahawa inampika na mteja anaonekana ameyasaidia mazingira. Mzungu akila kindi ni mwanamazingira, dogo wa Kisesa akila ni mshamba. Haya bana.

Utaniambia ziwa si lipo hapo, si wale samaki. Mwenye hiyo hoja hajaenda Magu ndani ndani huko akaulize bei ya sato. Minofu ya sangara inaenda viwandani na kupanda ndege, sisi wengi tunabaki na mapanki, mifupa na vichwa vilivyobaki. Kitoweo cha bure kinachotembea shambani kwako kikila mbegu zako ni hesabu nyingine kabisa.

Na hiyo hesabu naomba tuifanye pole pole, maana mle kwenye daladala hakuna aliyeifanya. Kindi ninayemsema hapa sio yule mdogo wa kwenye miembe, namsema wa ardhini, anayechimba mashimo, mkubwa anaweza kukaribia kilo nzima. Huyu ukishapanda tu anafuata mstari. Yaani anajua kabisa umepanda kwa kamba, anafukua shimo, anakula, anahamia linalofuata, ukirudi unakuta vishimo vimepangwa kama vya mtu mwenye jembe. Ekari moja ukipanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, unapata mashimo kama 9,000. Tuseme wanakuchukulia shimo moja tu katika kila kumi. Hapo mashimo 900 yameenda, mimea 1,800, na kila mmea ungetoa hindi moja la gramu 100 tu za punje, ni kilo 180. Karibu magunia mawili kwa ekari! Sijasema kila shamba linapoteza hivyo, nasema shimo moja katika kumi ukiliangalia kwa macho unaona si kitu, ila likifika stoo ndo unaelewa. Na usiniambie kurudishia, mbegu ya kurudishia inaota wenzake wako magotini, inafunikwa na kivuli, inaishia kuwa majani ya ng'ombe.

Tena huyu kindi hana kifuta jasho cha serikali. Tembo akipita shambani au kiboko akitoka ziwani usiku akakulia mazao, angalau kuna fomu ya kujaza na afisa wa kumsubiri. Kindi hayumo kwenye orodha ya wanyama hatari, hasara yake ni yako na mkeo.

Upande wa sheria nao tusiuruke maana yule aliyetaja watu wa maliasili hakuwa anatania. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya Rais, na kuwinda bila kibali ni kosa. Ruhusa ya kumuua mnyama anayeharibu mali yako ipo, ila mzoga unabaki wa serikali, sio wa sufuria yako. Kanuni za kuuza nyamapori zilitoka 2020 na mabucha yakafunguliwa, mimi humo sijawahi kuona kindi. Na sababu ya sheria kuwa kali naielewa kabisa: mtego wa waya haujui kusoma, umeutega kwa ajili ya kindi ananasa digidigi, na aliyezoea kindi leo kesho anamtolea macho swala. Ukienda Kisiwa cha Saanane, kilomita za mraba 2 na ushee tu, hifadhi ya taifa tangu 2013, utaona pimbi wanaota jua kwenye mawe hawana hata habari na wewe. Hicho ndo ulinzi unafanya. Ila shambani kwa mtu sio Saanane.

Swali langu kwa wanaotaka dogo akamatwe ni moja: akiacha manati, mwenye shamba atafanya nini? Atakaa aangalie? Hapana, ataenda duka la pembejeo atanunua dawa ya panya, atachanganya na mahindi, atamwaga shambani. Nimeona matokeo yake nyumbani kwetu, kindi walikufa kweli, na kuku saba wa jirani, na mbwa, na bundi tuliyemkuta chini ya mti, bundi ambaye kazi yake ilikuwa kutukamatia panya usiku bila malipo. Manati inachagua wa kumpiga, sumu haichagui. Mimi mwenyewe nikiulizwa bora nini nasema bora dogo na mbwa wake wawili na tanzi la katani mdomoni mwa shimo.

Magonjwa sasa. Yule dada wa mpox hakukosea, sitamcheka. Kirusi chake kilishawahi kupatikana kwa kindi wa porini kule Zaire (Kongo ya sasa) mwaka 1985, na mwaka 2003 wanyama wadogo waliosafirishwa kutoka Ghana, kindi wakiwemo, walipeleka ugonjwa Marekani ukakamata watu 47. Kwetu ulithibitishwa Machi 2025, ingawa siku hizi unasambaa zaidi mtu kwa mtu. Tauni ya Lushoto nayo ilikuwa ya viroboto wa panya, na kiroboto ana tabia moja mbaya, mzoga ukianza kupoa anahama kutafuta mwenye joto, na mwenye joto aliye karibu ni wewe uliyemning'iniza kiunoni. Ila hayo yote yana dawa yake: usiokote aliyekufa mwenyewe wala aliyezubaa zubaa mchana, mbebe kwenye mfuko uliofungwa, mwenye kidonda mkononi asichune, pika mpaka iive kweli.

Wanaojua wanamlowanisha maji kwanza ndo wanamchuna, vinginevyo manyoya yanaganda kwenye nyama na hutayatoa hata kwa maombi. Toa utumbo wote, angalia usipasue nyongo, toa na vile vitezi vidogo vya kwapani, kichwa tupa. Kindi mzee ana nyama ngumu, anachemshwa na chumvi na ndimu saa nzima na zaidi, halafu ndo aingie kwenye kitunguu na nyanya, na ukimalizia na karanga iliyotwangwa kwa ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, basi tena.

Lakini kuna kitu kinaninyima raha na sijasikia upande wowote ukikisema. Mbegu za dukani zina rangi, pinki, nyekundu, nyingine kijani. Ile rangi ni alama kwamba zimepakwa dawa ya kuua fangasi na wadudu, ndo maana mfuko umeandikwa usile. Kindi hajui kusoma mfuko. Kwa hiyo wiki zile mbili za kupanda, ambazo mkulima ana haki zaidi ya kumuua, ndo wiki ambazo tumbo lake limejaa dawa, na jirani akiwa amemwaga ya panya ndo kabisa. Wakati wa kumuua na wakati wa kumla haviendani! Wa kupandia ilitakiwa azikwe, wa baada ya mavuno, aliyenona kwa karanga na viazi vilivyosazwa shambani, huyo ndo kitoweo. Sasa mweleze hivyo mtu ambaye Novemba ndo mwezi wake wa njaa, stoo imeisha na hindi halijabeba.

Wale wanne wa dogo sikumuuliza kawapiga lini na kwenye shamba la nani. Njia nzima kutoka Kisesa mashamba yalikuwa mekundu, yametoka kupandwa. Mle garini tulimuuliza mambo ya panya na mambo ya jela, hilo moja la maana hakuna aliyeuliza, na mimi nilikuwa nacheka na wenzangu.