Miavuli ya Zege ya Kariakoo si Pambo

Tukizungumzia ubunifu wa Mwafrika katika majengo ya umma, tunakimbilia ukutani: nani achore, achore nini, kitenge gani kipambe mapokezi. Mimi naomba tuinue macho, tutazame paa la Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam.

Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza kufungua ofisi yao ya usanifu majengo Afrika Mashariki, ndiye aliyelichora, na lilifunguliwa mwaka 1975. Ukilisoma jengo lile unaona mbunifu alimfikiria mchuuzi kwanza: kivuli, hewa, na wateja wanaopita mbele ya bidhaa, kama katika soko la chini ya mti. Miavuli mikubwa ya zege imepangwa juu ya watu, na joto linapanda na kupata pa kutokea. Kingo za mwavuli ziko juu na katikati pamezama, hivyo mvua hukimbilia kwenye nguzo na kushuka hadi kwenye matangi ya chini ya ardhi.

Umbo la namna hii lina siri ambayo mafundi wanaipenda. Limejipinda, lakini limeundwa kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo shata lake, yaani kalibu ya kumwagia zege, hufungwa kwa mbao za kawaida zisizopindwa. Ugumu huja baadaye, kwenye matunzo. Zege lake ni jembamba na nondo hazina kifuniko kinene. Ufa mdogo ukiingiza maji na chumvi ya hewa ya pwani, nondo hushika kutu, hutanuka na kulimega zege kutoka ndani. Majani na mifuko vikiziba mdomo wa bomba, maji husimama. Mwavuli wa mita 10 kwa 10 ukituamisha maji ya kina cha wastani wa sentimita 10 umebeba tani 10 ambazo huenda hazikupigiwa hesabu. Ndiyo maana mdomo wa bomba unataka kichujio cha waya, ukingo unataka tundu la kumwagia maji yanayozidi, na usafi ufanywe kabla ya masika na kabla ya vuli. Si kazi ya gharama kubwa, ila lazima iwe na mwenyewe.

Soko liliungua Julai 10, 2021. Kukarabatiwa badala ya kubomolewa ulikuwa uamuzi sahihi kabisa, katika jiji linaloangusha majengo yake ya zamani kwa pupa.

Swali la nani ana haki ya kukaa mjini ni la zamani hapa. Waingereza waliuacha uwanja wa Mnazi Mmoja wazi ili kuitenga Uhindini na Kariakoo ya Waafrika. Eneo la wazi, basi, linaweza kuwa mpaka vilevile. Ujumuishi hauletwi na uwazi peke yake, unaletwa na vipimo.

Rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, kwa mfano. Kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu, kwa hiyo sakafu iliyoinuka sentimita 45 inadai rampu ya mita 5.4. Mara nyingi inabanwa ndani ya mita 2, na mwenye kiti mwendo anabaki kuomba kusukumwa. Njia kati ya vizimba iwe mita 1.5, ipimwe bidhaa zikiwa zimeshapangwa, maana kila muuzaji husogea mbele kidogo. Meza isizidi sentimita 80, anayenunua akiwa ameketi aone nyanya anazochaguliwa.

Halafu kuna baraza. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zilimpa mpita njia mahali pa kuketi bila kununua chochote. Maghorofa yaliyozirithi yanampa mlango wa chuma wa duka. Huu ni upotevu mkubwa kuliko tunavyokiri, kwa wazee hasa, na wajawazito. Kibali cha ghorofa jipya kingefaa kidai baraza la mtaani: kimo sentimita 45, kina sentimita 50, na kivuli cha jua la alasiri pale jengo linapotazama magharibi.

Na wachoraji? Waitwe mapema. Asiyejua kusoma anahitaji picha ya samaki kwenye njia ya kwenda kwa samaki. Matofali ya matundu yanahitaji nakshi ambayo haizuii upepo. Sakafu inahitaji rangi ya kumwonyesha mwenye uoni hafifu ukingo wa ngazi. Hizo ni kazi za msanii, na malipo yake yaandikwe katika orodha ya gharama za mkataba pamoja na ya fundi vigae na fundi umeme, kabla msingi haujachimbwa.