Bodi za Sauti na Fedha za Mnada

Juzi kwaya moja ya hapa Dodoma, upande wa Nkuhungu, iliniita nikafunge bodi ya sauti, yaani kadi inayochomekwa ndani ya kinanda kukiongezea sauti, kwenye kinanda chao. Fedha ilitoka kwenye mnada wa baada ya ibada: kuku, zabibu, karanga, debe za mahindi. Mnaijua minada yetu, yai moja linanunuliwa mara nne na kila anayelinunua analirudisha. Bodi ikaagizwa Dar, ikaja na basi.

Nikakilaza kinanda kifudifudi juu ya khanga, nikafungua skrubu za kifuniko. Nikaitazama bodi, nikalitazama tundu. Bodi fupi, tundu refu. Hata vishikizo vya plastiki havikulingana na matundu yake.

"Lakini fundi," akasema mwenyekiti, "si jina la kwenye bodi na la kwenye kinanda ni lile lile?"

Ndiyo, jina ni lile lile. Muuzaji aliwahakikishia kwamba jina likifanana, inaingia. Kijana mmoja wa besi akashauri tuipige tupa kidogo pembeni. Mungu ni mwema, tupa haikuwepo. (Na bodi yenyewe ilikuwa imeshapita mikono ya soprano wote, nje ya mfuko wake, kiangazi hiki ambacho ukigusa tu mlango wa gari unapigwa shoti. Shoti kama hiyo inatosha kuiua bodi nzima. Hilo nalo hakuna muuzaji anayelisema.)

Muuzaji nimeshamlaani vya kutosha, sirudii. Ninaotaka kuwasema leo ni watengenezaji, kwa sababu uongo wa "jina likifanana" wao ndio wameupa miguu.

Chukua Roland. Miaka ya 1990 bodi zao zilikuwa SR-JV80. Mashine yao ya sauti ya JV-1080 ilibeba nne, JV-2080 ikabeba nane. Baadaye zikaja SRX, ndogo kwa umbo lakini zenye kumbukumbu kubwa kuliko zile megabaiti 8 za zamani. Tundu la moja haliipokei nyingine. Hapo sigombani sana, maana XV-5080 ya mwaka 2000 iliwekewa matundu manne ya SR-JV80 na manne ya SRX. Huo ndio uungwana: mwenye mali ya zamani hakutupwa.

Halafu njoo kwenye vinanda vyao vya Fantom. Fantom-S ilipokea SRX nne, Fantom-X nayo nne. Watu wakanunua bodi mojamoja, mwaka hadi mwaka, wakijua kwamba kinanda kikichakaa bodi zitahamia kwenye Fantom mpya. Mwaka 2008 ikatoka Fantom-G. SRX haipokei hata moja! Ina matundu mawili, ya bodi mpya ziitwazo ARX. Na hizo ARX, kwa makelele yote yale, zilitoka tatu tu: ya ngoma, ya piano ya umeme na ya matarumbeta. Basi. Mwenye SRX zake nne azitundike ukutani kama kalenda.

Yamaha wasicheke. Kinanda chao cha Motif ES kilikuwa na matundu matatu ya bodi za PLG. Motif XS ya mwaka 2007 haina hata moja. Korg nao, bodi za kinanda chao cha Trinity hazikufai kitu ukishahamia mrithi wake, Triton.

Nitaambiwa teknolojia haiwezi kusimama kungoja kwaya ya Nkuhungu. Haya, nakubali, kwa shingo upande. Lakini Yamaha hao hao wakatoa bodi ya FL1024M, na hiyo hiyo moja inakaa kwenye Motif XF, kwenye MOXF na kwenye Tyros5, vinanda vya bei tofauti na watu tofauti. Kumbe wakitaka inawezekana! Kama hawataki, basi wabadilishe na jina. Jina likibaki lile lile, mnunuzi anaamini, na ana haki ya kuamini.

Vijana wataniambia mambo ya bodi yamepitwa, siku hizi sauti ni faili kwenye flashi. Haya. Kinanda cha Yamaha cha PSR-SX900 kina nafasi ya karibu gigabaiti 1 ya sauti za kuongeza, ndugu yake PSR-SX700 ina kama megabaiti 400, na faili lazima liandaliwe kwa ajili ya kinanda husika. Ugomvi ni ule ule, tofauti ni kwamba sasa huuoni kwa macho, wala hakuna wa kukushauri tupa. Na bado wapo wanaopita makanisani na flashi zao, elfu kadhaa, "hii inakubali zote, mwalimu."

Inakubali zote? Chomeka hapa hapa, kwenye kinanda chetu, sauti itoke tuisikie. Bei tutaongea baadaye.