Majina yakianza kupanda, usizime

Iron Man, filamu ya tajiri Tony Stark anayejitengenezea suti ya chuma, niliiona kwa mara ya kwanza kwenye banda la video pale Ngamiani, Tanga, kiingilio shilingi 200, mabenchi ya mbao na feni moja inayozunguka kwa kusuasua. Majina ya waigizaji yalipoanza kupanda mwishoni, mwenye mitambo akachomoa diski kama kawaida yake, akaweka ya Kihindi. Hakuna aliyelalamika. Picha limeisha, steling, yaani shujaa wa picha, kashinda, mnataka nini tena? Baadaye sana ndipo tulipojua alichotukata: Nick Fury, gizani nyumbani kwa Tony Stark, akimwambia kuwa si yeye shujaa pekee duniani, kisha akimtajia mpango wa Avengers, kundi la mashujaa.

Nikiulizwa filamu za mashujaa ziligeuka lini, nataja kipande hicho cha 2008.

Wanaopinga wana hoja. Superman ya 1978, Christopher Reeve akiwa ndani ya ile suti, ilithibitisha kwamba watu wazima nao wangelipia kumwona mtu anaruka angani. Spider-Man ya Sam Raimi, mwaka 2002, ilikuwa filamu ya kwanza kuvuka dola milioni 100 katika siku tatu za mwanzo huko Marekani. Na kuisahau Blade ya 1998 ni dhuluma. Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni yenye mashujaa hawa wa Blade na Iron Man, ilikuwa imetoka kuomba ulinzi wa mufilisi mwaka 1996, na Wesley Snipes akaonyesha kuwa hata mhusika asiye na jina kubwa anaweza kujaza ukumbi. Kwetu Snipes alikuwa steling tangu enzi za kanda, hatukuhitaji kushawishiwa.

The Dark Knight, filamu ya Batman, nayo ni ya 2008 hiyo hiyo. Ilivuka dola bilioni moja, na Heath Ledger, aliyecheza adui Joker, akapewa Oscar akiwa ameshafariki. Iliupa aina hii ya filamu heshima. Lakini Iron Man ilileta mfumo, na mfumo ndio ulioigwa. Marvel ilikuwa imeshauza haki za filamu za Spider-Man na X-Men kwa wengine, ikakopa kwa kuweka rehani wahusika iliobaki nao, kisha ikawafunga wote kwenye mnyororo mmoja. Mwaka 2009 Disney ikatangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni nne.

Gharama ya mnyororo huo tuliilipa sisi wa benchini. Picha la zamani lilikuwa kama ngano ya bibi: paukwa, pakawa, hadithi inaanza na inaisha, unakwenda kulala. Ilipofika Infinity War, filamu ya Avengers ya 2018, mtafsiri wetu alikuwa anasimamisha picha kila baada ya muda aeleze jiwe hili lilitoka wapi na huyu aligombana na nani. Mwenye shilingi zake za picha moja akawa anadaiwa picha kumi na nane za nyuma. Baadaye zikaongezwa tamthilia za mtandaoni, ambazo bila bando huzioni. Sishangai kwamba The Marvels ya 2023, iliyotegemea tamthilia hizo, iliishia na mapato ya karibu dola milioni 206.

Black Panther, ya Marvel hiyo hiyo, ndiyo inayoniyumbisha. Ilikuwa filamu ya kwanza ya shujaa kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, na ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3. Hukuhitaji kujua lolote la nyuma ili uielewe. Banda lilijaa hadi watu wakasimama mlangoni, na mtafsiri safari hiyo alinyamaza, akawaacha watu wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, waseme isiXhosa chao. Kama filamu inayosimama peke yake inaweza kufanya hivyo, basi mnyororo haukuwa njia pekee. Nakubali hilo. Ila bado ndio ulioamua studio nyingine zitengeneze nini.

Na mnyororo huo ulituachia kitu ambacho siwezi kukikana. Kanuni ya banda ni moja: steling hafi. Mwaka 2019, kwenye Endgame, iliyofuata Infinity War, Tony Stark akafa. Kijana aliyekaa mbele yangu alivua kofia akaishika magotini. Kifo hicho kisingekuwa na uzito ule bila miaka kumi na moja ya kumfuata.

Majina yakapanda. Mwenye mitambo, aliyeshajifunza, hakugusa kitu. Tukasubiri kipande cha mwisho, hakikuja. Ulikuja mlio tu, nyundo ikigonga chuma, kama Stark alivyokuwa akigonga pangoni alipotengeneza suti yake ya kwanza.